Maswali ya Wasomaji: Laina ya kupuliza kwenye bodi la pikapu, na hii chumvi yetu ya pwani

SWALI: Shikamoo fundi. Mi ni kijana wa Mikindani, nina Hilux single cabin niliyoachiwa na mzee. Inabeba samaki kutoka Msimbati kuja mjini, msimu wa mashamba inakodishwa kubeba salfa na korosho upande wa Nanyamba, na mzee enzi zake alikuwa akiipaka oili chafu kila mara ili isishike kutu. Sasa bodi la nyuma limeanza kutoboka kwenye kona na nimeagiza laina ile ya kupuliza, lile koti nene gumu la kukinga bodi, makopo yamefika kutoka Dar, kila kopo na hadna yake, ile dawa ya kuchanganya ili igande. Fundi wa hapa jirani anasema tuoshe na sabuni ya unga, tupige msasa juujuu, kesho yake alfajiri tupulize kabla jua halijawa kali, kazi ya nusu siku. Ninachoogopa ni kwamba gari la jirani lilifanyiwa hivyo hivyo na ile laina ikaja kubanduka yote kama ganda la muhogo uliochemka. Nifuate ushauri wa fundi au kuna zaidi?

JIBU: Marahaba kijana wangu. Kuna zaidi, na kuna mengi. Nianze na hilo la jirani maana ndo jibu lenyewe. Laina ikibanduka vipande vikubwa namna hiyo, geuza kipande utazame mgongo wake. Ukikuta mgongo msafi unang'aa, ujue ilipulizwa juu ya mafuta au juu ya rangi ambayo haikukwaruzwa, haikupata pa kushika. Ukikuta una unga wa kahawia, basi laina ilishika vizuri sana ila ilishika kutu, na kutu ndo ikaachia bati. Sehemu zote mbili laina yenyewe haina kosa. Hii kitu ni ngumu, inavumilia nondo na jiko la gesi kutupwa juu yake, lakini inategemea kilicho chini yake kwa asilimia mia.

Gari lako lina maadui wanne na sabuni ya unga inamuweza labda mmoja. Kuna mafuta ya samaki, kuna hiyo oili chafu ya mzee, kuna salfa na kuna chumvi. Mafuta yanatangulia msasa. Watu wengi wanaanza na msasa halafu ndo wanafuta mafuta, na hapo wameshaharibu, kwa sababu msasa unachukua ile oili na kuisukuma ndani ya mikwaruzo, na ikishaingia humo hata ufute na nini haitoki yote. Kwa hiyo mafuta kwanza, msasa baadaye, halafu mafuta tena kabla ya kupuliza.

Toa geti la nyuma, toa ndoano za kufungia kamba, toa taa kama waya zinapita humo, toa mpira wowote uliobandikwa. Usiogope boliti kugoma, za pwani zote zinagoma, zipulizie mafuta ya kulegezea kutu jana yake na hakikisha hayo mafuta nayo unakuja kuyaosha. Paka sabuni kali ya kuoshea injini sehemu yote, isugue kwa brashi ya nailoni ngumu, hasa yale matuta ya sakafu na mstari ambapo sakafu inakutana na ukuta wa bodi, iache ifanye kazi lakini isikauke, halafu suuza. Rudia. Kwenye gari la samaki utarudia mpaka uchoke. Petroli usitumie, kuna mafundi wanaipenda, lakini inaacha utando wake na tangi lako la mafuta liko hapo hapo chini, cheche moja tu ya grainda baadaye na habari nyingine.

Kujua kama mafuta yameisha haihitaji mashine. Chukua maji safi kwenye kopo, mwaga taratibu juu ya bati lililosimama au lililoinama kidogo. Maji yakitandaa yakawa utando mmoja, sawa. Yakijikusanya matone matone au yakikimbia sehemu fulani na kuacha duara kavu, hapo pana mafuta, zungushia chaki na urudi kusugua. Nakwambia utaona zile duara kavu zinafuata mahali ambapo mzee alikuwa anapitisha brashi yake ya oili.

Sasa chumvi, na hapa nitakaa kidogo maana maelekezo ya kwenye kopo hayajaandikiwa mtu wa Mikindani. Chumvi haikai juu ya kutu tu, inaingia ndani ya vile vishimo vidogo ambavyo kutu imechimba, chini kabisa. Ukipitisha grainda juu, bati linang'aa, unafurahi, kumbe kwenye vishimo chumvi ipo. Ukifunika na praima, ile rangi ya kwanza ya kushikia, halafu laina, chumvi inaanza kuvuta unyevu kidogo kidogo kupitia kwenye rangi, maji yanajikusanya chini, unaona malengelenge, ndani ya malengelenge kutu inaendelea kula bati kwa raha zake huku juu ukiona laina nyeusi nzuri. Ndo maana gari limepulizwa vizuri Dodoma linadumu na gari limepulizwa vile vile huku linachemka.

Dawa yake ni maji mengi yasiyo na chumvi, na brashi ya waya. Nasema yasiyo na chumvi kwa sababu visima vingi karibu na ufukwe maji yake yana chumvi, unaosha chumvi kwa chumvi. Yaonje, ulimi hautadanganya. Tumia ya bomba, au ya mvua kama una simtanki lililokinga. Piga waya kwenye vile vishimo, suuza kwa presha kama car wash ya karibu wana mashine, piga waya tena, suuza tena, kausha kwa upepo wa kompresa. Maji ya moto yanasaidia zaidi kama unaweza kuyapata. Halafu tazama: bati lililokaushwa vizuri, mchana mkavu, ukiona limegeuka rangi ya chai kwenye vishimo ndani ya muda mfupi wakati sehemu nyingine bado jeupe, chumvi bado imo. Rudi tena kwenye maji. Inachosha, najua.

Salfa nayo usiichukulie poa. Wakulima wa korosho wanapulizia ile ya unga dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga, mifuko inapasuka, unga unaingia kwenye maungio, ukilowana na kukaa humo unakula bati. Hii uitangulize hata kabla ya kuosha mafuta: nyonya au puliza unga wote ukiwa mkavu kabla hujamwaga tone la maji, ukianza na maji unatengeneza uji unaojificha kwenye mishono.

Ukishafika hapo ndo msasa. Kutu yote itoke mpaka bati jeupe, grainda yenye diski ya flapu au ya waya, kisha msasa namba 80 ili bati liwe na mikwaruzo ya kushikia. Diski ya waya peke yake inalainisha bati likang'aa kama, aah, likang'aa tu, na bati linalong'aa halishiki kitu, kwa hiyo usiishie hapo. Pale ambapo rangi ya kiwanda bado nzima huna haja ya kuitoa, ile rangi ni praima bora kuliko utakayonunua, ikwaruze tu kwa namba 120 mpaka 180 hadi mng'ao wote uishe. Wote. Ukiinama na kuangalia kwa upande dhidi ya mwanga, kila alama inayometa ni mahali laina itaanzia kuinuka. Kwenye kona na ndani ya matuta msasa haufiki, tumia ile sponji ngumu nyekundu ya mafundi rangi, na vidole.

Matundu kwenye kona yasizibwe na puti, ule udongo wa kusawazishia wa mafundi rangi. Nalisema kwa sauti maana huu ndo mchezo wa mjini. Puti juu ya tundu inanyonya maji kutoka chini kama kuna uwazi, inavimba, inatoka na laina yake. Kata bati bovu, chomelea kiraka, chomoa waya wa betri kwanza na hakikisha tangi na mabomba ya mafuta yako salama kabla ya moto, saga mshono, halafu kama unataka puti nyembamba ya kusawazisha hapo sawa. Na chini ya kiraka, upande wa barabarani, paka pia, maana moto wa kuchomelea umeunguza rangi ya huko na hakuna anayekumbuka kuangalia.

Bati likishakuwa jeupe una masaa tu, hali ya hewa ya kwetu haisubiri. Futa kwa dawa ya kutolea mafuta ya mafundi rangi, vitambaa viwili, kimoja kimelowa kinapaka, kingine kikavu kinafuta kabla haijakauka yenyewe, na vitambaa ubadilishe mara kwa mara. Thina ile ya bei rahisi ya kuoshea bunduki ya kupulizia rangi isitumike hapa, inaacha utando. Usishike tena kwa mkono mtupu. Halafu epoksi praima juu ya kila bati jeupe. Kama fundi alitumia dawa ya kugeuza kutu, au ndimu kama wengine wanavyofanya, hiyo ni asidi, ioshwe na maji ikauke kabisa kabla ya epoksi, la sivyo epoksi haikomai vizuri juu yake. Baada ya epoksi ndo unaziba mishono kwa silanti ya poliyurethani ya magari, siyo silikoni ya madirisha. Silikoni ni sumu kwa rangi, hata ile dawa ya kung'arisha tairi isipulizwe karibu na hapo, tone moja linaacha macho ya samaki, yaani vishimo vya duara ambavyo laina imevikimbia, kwenye kazi nzima.

Muda wa kupuliza laina juu ya epoksi umeandikwa kwenye kopo, ukiupitiliza itabidi uikwaruze tena. Usikisie.

Na sasa ile alfajiri ya fundi wako. Hapana. Hadna ya hizi laina ni jamii ya aisosayaneti, na hiyo kitu inapenda maji kuliko inavyopenda rangi, ikikutana na unyevu inatoa gesi ya kaboni dayoksaidi, laina inajaa vitundu kama sifongo. Bati limelala nje usiku kucha, alfajiri lina umande hata kama huuoni. Chukulia hewa ina nyuzi 28 na unyevu asilimia 80, hali ya kawaida huku, maji yanaanza kushika kwenye kitu chochote chenye nyuzi 24 hivi, na mafundi wa rangi duniani kote wanataka bati liwe juu ya hapo kwa angalau nyuzi 3, yaani 27. Alfajiri huipati hiyo. Anza saa nne asubuhi, maliza kabla ya saa tisa, ndani ya kivuli, kwa sababu bati la kwenye jua la mchana linaunguza mkono na hapo nako inakauka juu kabla ya chini. Mvua zikishaanza kati ya Novemba na Disemba acha kabisa mpaka zipite. Miezi mikavu ya kusi ndo yenyewe, ila kusi linaleta mchanga na mvuke wa bahari kwa hiyo jifiche nyuma ya ukuta au turubai, na usiache bati jeupe lilale nje usiku mmoja.

Kompresa nayo, fungua ile koki ya chini ya tangi kabla ya kuanza. Utaona maji yanavyotoka, ya rangi ya kutu. Hayo yote yangeenda kwenye laina yako. Weka na chujio la maji kwenye mpira.

Kabla ya kuchanganya, ziba kwa maskingi tepu vitundu vya kutolea maji na vichwa vya boliti zinazoshika bodi kwenye chesisi, siku moja utataka kulishusha. Tepu itolewe laina ikiwa bado mbichi, ikikauka itabidi uikate na wembe na kingo zitainuka. Ukishatoa tepu kagua kwamba vitundu viko wazi, maji yakisimama humo kazi yote umeifanyia kutu. Changanya kidogo kidogo kwa kipimo cha kopo, joto letu linafupisha muda wa mchanganyiko kugandana.

La mwisho, kifua chako. Ile hewa ya hadna ikishapulizwa inaweza kumpa mtu pumu ya maisha, na barakoa ya kitambaa haizuii kitu. Wenye kazi hii wanavaa maski ya kuletewa hewa kutoka nje. Kama fundi wako hana hata maski ya kichujio cha mvuke, mwambie aachane na bunduki. Soma swali linalofuata.

SWALI: Fundi habari za kazi. Niko Masasi, nina kirikuu ya kubebea mbaazi na ufuta. Bunduki maalumu ya laina sijaipata huku na kompresa ya kukodi ni ya kupulizia tairi. Nikipaka na rola itakuwa kazi bure?

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Siyo kazi bure hata kidogo, kuna laina zinazouzwa kwa ajili ya rola na hata nyingi za kupuliza maelekezo yake yanaruhusu rola, angalia kopo. Maandalizi ni yale yale neno kwa neno, tofauti ni kwamba utapaka mikono miwili au mitatu myembamba badala ya kuilazimisha nene mara moja, ya kwanza iache ishike ndo ufuate ya pili kwa muda walioandika. Kona anza na brashi halafu rola. Faida yake moja kubwa huna ule ukungu wa hewani, japokuwa glavu na miwani na maski ya kichujio bado uvae na ufanyie nje penye upepo. Mwonekano utakuwa na mabonde mabonde kidogo, magunia ya ufuta hayajali. Masasi mko mbali na bahari, chumvi haiwasumbui sana, lakini vumbi lenu jekundu linaganda na mafuta ya dizeli kwenye kona mpaka linafanana na rangi, likwangue kwa bisibisi uone bati liko wapi.

SWALI: Mtaalamu, mimi ni mama wa Lindi, gari langu nilinunua likiwa na lile sinia la plastiki jeusi ndani ya bodi, naona limetunza vizuri. Kijana wangu anataka tulitoe apulize laina. Kuna haja?

JIBU: Mama yangu, litoe kwanza ndo tuongee. Yale masinia yanaonekana mazuri juu lakini chini yake mchanga unaingia, gari likitikisika barabarani plastiki inasugua rangi mpaka bati, na maji yakiingia hayatoki haraka. Kwa gari lililokaa pwani nategemea utakuta mistari ya kutu pale plastiki ilipogusa matuta, pamoja na matundu ya skrubu walizolifungia, hayo yachomelewe. Kama bati la chini ni zima kabisa, basi osha, kausha, lirudishe na uwe unalitoa kuosha mara kwa mara, hela yako ifanye kazi nyingine. Kama kuna kutu, kijana yuko sahihi, na asipulize juu ya mabaki ya gundi au mafuta ya plastiki, afute kwanza kama nilivyomwandikia wa Mikindani. Ila asije akapuliza halafu akarudisha sinia juu, nimeona watu wanafanya.

SWALI: Fundi, laina imeshapulizwa jana na inaonekana ngumu. Kesho kuna mzigo wa saruji pale kiwandani na mteja hataki kusubiri. Nipakie? Mtwara mjini.

JIBU: Aisee, mteja mwambie atafute gari lingine. Ngumu ya kugusa siyo ngumu ya kubeba. Hizi za kuchanganya kwenye kopo nyingi zinataka siku moja hadi tatu kabla ya mzigo mwepesi na karibu wiki nzima kabla ya mzigo mzito, kopo lako ndo lenye neno la mwisho. Mifuko ya saruji ina uzito wa kilo 50 kila mmoja, na unga wake ukilowana juu ya laina changa unaacha madoa yasiyotoka. Bonyeza kwa ukucha sehemu iliyojificha, nyuma ya geti kwa mfano, alama ikibaki bado. Na ukianza kubeba, wiki za mwanzo tandika turubai kama mzigo ni chumvi ya mawe au samaki wa barafu, halafu jioni suuza kwa maji ya bomba, fungua geti, inamisha gari kidogo maji yatoke kwenye vile vitundu vya kona.